Mnara wa vibao unaposumbua: anza na meza, msasa uwe wa mwisho

Masika yakishika, kibarazani kwangu huja wagonjwa wa aina mbili: wenye mafua na wenye vibao. Wa mafua nawaelekeza kituo cha afya. Wa vibao nawakaribisha, nawatilia chai, kisha nawanyang'anya msasa walioshika mkononi. Malalamiko yao hayabadiliki mwaka hadi mwaka, ndiyo maana nimeona bora niyaandike, asiyeweza kufika ayapate hukohuko aliko, awe Mkoani kule Pemba au Makunduchi.

Nazungumzia mchezo wa mnara: vibao 54, kila kozi, yaani kila safu, vibao vitatu, kozi 18, kila kozi imekatisha ile ya chini yake. Kwa zamu, kila mchezaji hutoa kibao kimoja chini na kukiweka kileleni bila kuuangusha mnara. Dukani unauzwa kwa jina la Jenga, na jina hilo ni letu kabisa, ni amri ya kitenzi kujenga. Aliyeupeleka sokoni ni Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, akauzindua kwenye maonyesho ya midoli ya London mwaka 1983. Vibao ambavyo familia yake ilichezea mwanzo vilitoka kiwanda cha mbao cha Takoradi, nchini Ghana. Basi jina la Kiswahili, mbao za Ghana, soko la Uingereza, na leo mimi nauza chai mtaa wa Ng'ambo, hapa Unguja mjini, huku nikiamua kesi za nani kaangusha.

Kabla ya dalili yoyote, shika vipimo. Kibao cha kawaida kina urefu wa sentimita 7.5, upana 2.5 na unene 1.5. Yaani vibao vitatu ukivipanga ubavu kwa ubavu vinalingana na urefu wa kimoja. Hiyo ndiyo siri ya mraba wa mnara, na ndiyo itakayokuwa rula yako humu ndani.

Vibao vimekaza, hata kimoja hakitoki

Hili ndilo nililoletewa mara nyingi kuliko yote, na ndilo linaloharibu vibao vingi, kwa sababu mwenye navyo hukimbilia dawa kabla ya kujua maradhi.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya wengi, ni mjengaji. Tazama mtu akijenga: akimaliza kozi tano anaukumbatia mnara kwa viganja viwili na kuubana ili usawazike. Kibao cha kati kinabanwa na wenzake wa pembeni kama abiria wa katikati kwenye daladala ya saa moja asubuhi. Ukija kukisukuma, kinakwenda na jirani zake wote. Dawa yake haina gharama. Bomoa, jenga upya, na safari hii usawazishe kwa kugongagonga taratibu na ubao ulionyooka au mfuniko wa boksi, upande mmoja baada ya mwingine. Usibane pande mbili kwa pamoja. Nusu ya wagonjwa wangu hupona hapa na kuondoka bila hata kumaliza chai.

Kama umejenga vizuri na bado vimekaza, uliza hali ya hewa. Mbao hunywa unyevu wa hewani na kuvimba, lakini haivimbi sawasawa: hupanuka upande wa mapana na wa unene, ama kwa urefu, kule nyuzi zinakoelekea, haibadiliki kitu cha kuonekana. Upana ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, vibao vitatu vinakuwa sentimita 7.575 badala ya 7.5. Robo tatu ya milimita, utasema si chochote. Lakini mjengaji anaiona inachungulia pembeni, anaibana iingie ndani, na tumerudi kwenye sababu ya kwanza. Pia nyuzi za uso wa mbao zilizolowa husimama, zikakamata kibao cha juu na cha chini.

Kipimo chake: panga vibao vitatu ubavu kwa ubavu juu ya meza, kisha kimoja ukikatishe juu yao. Pita na ukucha pembeni. Ukucha ukikwama kwenye kingo za vitatu vya chini, vimevimba. Ukipita bila kukwama, unyevu hauna kesi, endelea mbele.

Kuvikausha kunataka subira. Vitandaze ndani ya nyumba, kivulini, juu ya vijiti ili hewa ipite chini yake, viachane, na ukiwa na feni ielekeze huko. Siku tatu mpaka wiki moja. Usivianike juani juu ya bati! Mbao ikikauka upande mmoja kwa ghafla hupinda au kupasuka, na hapo hakuna wa kuiponya. Vikishakauka, vitie kwenye kopo au ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu. Angalizo: kopo likifungwa kabla vibao havijakauka, umejitengenezea shamba la ukungu.

Sababu ya tatu watu hawaipendi nikiwaambia, kwa kuwa inawagusa wao: vibao vinafanana mno.

Masika moja alikuja kijana wa hapa mtaani, mwanafunzi wa skuli, na mfuko mzuri wa turubai. Kafungua, vibao vinang'aa kama vimetoka kiwandani jana. "Ami," anasema, "nimevipiga msasa vyote wiki nzima. Nimevilinganisha kimoja kimoja. Sasa hata kimoja hakitoki." Tukajenga. Kweli, ulikuwa kama nguzo iliyochongwa kwa gogo moja. Ikabidi nimueleze jambo ambalo na mimi nilichelewa kulijua.

Katika kozi ya vibao vitatu, mzigo wa mnara haugawanyiki sawa. Kibao kinene kuliko wenzake, hata kwa unene wa karatasi, ndicho kinachobeba. Mwembamba anakaa tu kapumzika, na huyo ndiye unayemtoa. Cha kati kikiwa kinene, vya pembeni vyepesi. Vya pembeni vikiwa vinene, cha kati kinateleza kwa ncha ya kidole. Tofauti hizo si kosa la fundi, bila ya hizo hakuna mchezo. Kijana wangu alizifuta zote kwa mkono wake, na msasa haurudishi ulichokula. Tuliviokoa kwa kuvichanganya na seti nyingine kuukuu iliyopungua vibao, na tangu siku hiyo msasa wowote unaoingia kibarazani kwangu nauweka chini ya kiti changu.

Kwa hiyo, ukihisi vibao vinafanana mno, vichanganye upya. Kuna wanaovitunza kwa mpangilio uleule kila siku, vyenye rangi moja pamoja, vilivyokatwa ubao mmoja pamoja. Vimwage mkekani, vikoroge kama dhumna, ujenge bila kuchagua. Mara nyingi hilo linatosha.

Ya nne, ya nadra zaidi: vibao vimepinda. Weka kibao juu ya kioo au kigae, kibonyeze pembe kwa kidole. Kikichezacheza kama meza yenye mguu mfupi, kimepinda. Vikiwa viwili vitatu, viweke kozi za juu, huko havina mzigo mkubwa. Vikiwa kumi na zaidi, hasa kama ni vya mwembe uliopasuliwa ukiwa mbichi, hapo mwite seremala. Mwembe ni mti mtamu kwa embe, kwa ubao usiokaushwa vyema ni mjanja sana.

*Simama hapa.* Usijaribu kukata au kuranda vibao hivi mwenyewe kwa mashine. Kipande cha sentimita saba ni kifupi mno kwa msumeno wa mashine. Vidole vinakuwa karibu na meno kuliko mbao yenyewe. Seremala anayejua kazi hakati kibao kimoja kimoja. Huranda ubao mrefu kwanza mpaka upate upana na unene, ndipo anaukata vipande. Ukimuona fundi anakishika kibao kimoja kwa vidole anakipeleka kwenye msumeno, chukua mbao zako uondoke.

Na ukilazimika kupiga msasa, tuseme kibao kimoja kina kibanzi kinachochoma, basi tumia msasa laini, namba 220 au zaidi, pasi mbili tatu kwa kufuata nyuzi, mahali palipochomoza tu. Na usifanye hivyo mwezi wa Aprili. Ulichopunguza mbao ikiwa imevimba, Januari utakitafuta na hutakipata.

Mnara unainama kabla hata mchezo haujaanza

Meza. Tisa katika kumi ni meza.

Weka gololi katikati ya meza na uiachie. Ikibingiria, tia karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wa upande inakokimbilia, urudie mpaka itulie. Kama mnachezea chini, mkeka, jamvi na zulia vyote vinabonyea, na mtu akikaa karibu anauvuta mnara upande wake. Tafuteni ubao mgumu wa kuweka chini yake. Sisi tunageuza bao la keram, upande wa nyuma juu, na wenye keram wanatununia, lakini ndiyo dunia.

Meza ikiwa safi na mnara bado unainama, hesabu kozi. Mara nyingi utakuta kozi mbili zimelala upande mmoja bila kukatishana, mtoto alikuwa anasaidia. Halafu angalia kozi ya chini kabisa: hiyo ipewe vibao vitatu vilivyolingana kuliko vyote ulivyonavyo. Hapo pekee ndipo nakubali mtu achague. Waashi wanalijua hili, kozi ya kwanza ikienda upogo, timazi juu huko haina la kusaidia.

Kuinama kunakotokea katikati ya mchezo ni habari nyingine, na si hitilafu. Upande uliotolewa kibao cha pembeni unabonyea, mnara unaelekea huko. Mwenye akili anaweka kibao chake cha juu upande wa pili, kurudisha uzani. Mwenye roho mbaya anakiweka upande uleule unakoinama, ili umuangukie anayefuata. Vyote viwili ni halali.

Kuna jambo moja la kutolifanyia mzaha, hasa kwa wanaokaa nyumba za kale za Mji Mkongwe. Kama chumba hichohicho, meza hiyohiyo, mwaka jana gololi ilitulia na mwaka huu inakimbia, na ukutani kuna ufa usiokuwepo, funga mchezo. Hilo si suala la vibao. Sote tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ita fundi mwashi anayezijua nyumba za mawe na boriti, na utoe taarifa kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Usijaribu kuziba ufa kwa saruji mwenyewe, nyumba hizo zilijengwa kwa chokaa, na saruji juu ya chokaa hufungia maji ndani ya ukuta.

Mnara unatetemeka, hakuna aliyeugusa

Tazama juu. Pangaboi linazunguka? Lizime. Utashangaa ni watu wangapi wamekuja kunieleza habari za mashetani wakati feni iko juu ya vichwa vyao inazunguka kwa kasi ya tano.

Kisha tazama chini. Ghorofani, kwenye nyumba zenye sakafu ya boriti, mtu mzito akipita chumba cha pili, sakafu yote inajibu. Sogeza meza karibu na ukuta, kule boriti zinakoegemea, mtikisiko huko ni mdogo kuliko katikati ya chumba. Jenereta la jirani likiwa linafanya kazi upenuni, hamna njia ila kuhamia chumba kingine au kusubiri.

Nje, adui ni upepo. Kusi ikivuma, kuanzia mwezi wa Juni hivi, usithubutu kujenga mnara ufukweni upande wa mashariki, Paje au Jambiani. Utakuwa unaokota vibao mchangani mpaka magharibi. Forodhani jioni panacheza, lakini kaeni nyuma ya ukuta au mti, na mkijenga, mnara uupe upepo pembe yake, msiuelekezee ubavu.

Unaanguka mapema mno, kila kibao kinatoka chenyewe

Hii ni kinyume cha dalili ya kwanza na huja kaskazi ikiwa imekauka, Januari na Februari. Mchezo uliokuwa ukichukua nusu saa unakwisha kwa dakika tano.

Anza kuuliza: kuna mchezaji wa keram nyumbani? Nauliza kwa sababu watu wa keram wana mazoea ya poda. Kete ikigoma, wanatia poda. Basi vibao vikigoma, wanatia poda hiyohiyo, na mnara mzima unakuwa kama samaki aliyepakwa mafuta. Kuna na la hatari zaidi: poda nyingi za keram ni asidi ya boriki, na vibao hivi watoto wadogo huvitia mdomoni. Futa kila kibao kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa sana, kisha kikavu, halafu viache kivulini siku nzima. Mtoto aliyeilamba poda hiyo apelekwe kituo cha afya, na kopo la poda liende naye ili daktari aone ni kitu gani.

Ya pili ni vanishi. Kuna seremala ukimpa kazi ya vibao anaona aibu kukurudishia mbao mbichi, anaipaka vanishi ya kung'aa kama ya kitanda cha harusi. Inapendeza kwa macho, mkononi inateleza, na joto likizidi vibao vinagandana. Hapa ndipo pahali pekee ambapo msasa ni dawa ya kwanza, na hata hapo ni wa kuondoa mng'aro tu. Bora mwambie fundi mapema: hapana vanishi, hapana nta, hapana mafuta.

Ya tatu, vibao vilipigwa msasa vikiwa vimevimba. Sasa vimekauka na vimekuwa vyembamba kuliko wakati wowote. Hii haina dawa ya haraka. Changanya na vibao vingine vya seti ya kipimo hicho, au agiza vipya kumi na tano hivi. Ukiagiza, omba msaji au mfenesi uliokauka. Ndiyo mbao ambazo mafundi wetu wamezitumia kwa milango tangu zamani, nazo hazibadilikibadiliki kama mwembe. Mnazi sikushauri: nyuzi zake hubanduka na kuchoma vidole.

Kibanzi kikimwingia mtu, kitoe kwa kibano safi kama kinaonekana. Kikizama, kikivunjikia ndani, au kidole kikavimba na kupata joto, usichimbe kwa sindano. Nenda hospitali.

Vinanata

Urojo. Sina la ziada.

Haya, niseme kidogo: urojo, juisi ya miwa, kashata, mafuta ya viazi vya kuponda. Anayekula hachezi, anayecheza ananawa. Vibao vilivyokwisha kunata vifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, usivitumbukize ndani ya maji. Vikiwa vimekaa karibu na bahari au vilirushiwa maji ya chumvi, hunata hata bila chakula, maana chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuuweka juu ya mbao. Dawa ni ileile, kitambaa chenye maji baridi ya mfereji, halafu kukausha kivulini.

Unga mweupe chini ya kopo, matundu ya sindano, au madoa ya kijivu

Madoa yanayofutika ni ukungu. Futa kwa siki, kausha, na utafute kwa nini kopo lina unyevu. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo, inaacha mbao ikiwa dhaifu na harufu haiishi.

Unga laini na vitundu ni mdudu anayebungua mbao, naye ni mbaya zaidi, sababu anahama. Kwanza kitenge kibao chenye tundu. Kigonge juu ya karatasi nyeusi: unga ukimwagika mpya kila siku, mdudu yu hai ndani. Kama ni kimoja au viwili, vichome moto, nunua vingine. Kama ni seti nzima na unaipenda, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, itie friza kwa wiki mbili, kisha itoe na uiache mfukoni mpaka ipate joto la chumba, ndipo ufungue. Ukiufungua ungali wa baridi, hewa yetu itaumwagia maji.

Usichovye vibao kwenye mafuta ya taa wala dawa ya wadudu. Hivi ni vitu vya kushikwa kwa mikono na watoto. Na ukikuta unga huohuo kwenye fremu za milango au boriti za dari, suala limevuka mchezo. Mwite fundi wa mbao aje aione nyumba.

Umeme umekatika na mnara uko nusu

Wanaokumbuka miezi mitatu ya giza Unguja, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua kwamba mchezo unachezeka kwa taa ya chemni. Tatizo ni kivuli: taa moja upande mmoja inaufanya mnara uonekane umeinama hali umesimama wima, mtu anauhurumia bure upande usio wake. Wekeni taa mbili, pande mbili zinazotazamana, mbali na mnara kiasi cha urefu wa mkono. Taa ya moto isikae meza moja na mnara, kibao kinachoanguka hakichagui pa kutua. Taa ya simu inafaa ikielekezwa darini, mwanga urudi chini umetulia.

Mnara mzima, wachezaji wamegombana

Hii ndiyo hitilafu ninayoitengeneza mara nyingi kuliko ya mbao, ingawa hakuna anayenilipa. Nitazitaja kesi kwa namna zinavyokuja.

"Katumia mikono miwili." Kanuni ni mkono mmoja kwa wakati mmoja. Unaruhusiwa kubadilisha, kulia kisha kushoto, lakini si kuushikilia mnara kwa huu huku unavuta kwa ule. Hata kiwiko kinahesabiwa. Dawa ya anayesahau: mkono wa pili aukalie.

"Kagusa vibao vitano kabla ya kutoa kimoja." Inaruhusiwa. Kupapasa kutafuta kilicho chepesi ni sehemu ya mchezo. Ila ukikisogeza kisha ukakiacha, unakirudisha mahali pake kwanza.

"Katoa kozi ya juu." Hairuhusiwi. Unatoa chini ya kozi ya juu iliyokamilika, na kozi iliyo pungufu kileleni lazima ikamilike kwa vibao vitatu kabla ya kuanza mpya. Wengi hukosea hapa kwa sababu kozi ya juu ndiyo nyepesi, ina raha ya wizi.

"Umeanguka baada ya yeye kumaliza, kwa nini nifungwe mimi?" Ndiyo kesi kubwa. Zamu haimaliziki mtu anapoondoa mkono. Inamalizika sekunde 10 baada ya kukiweka kibao juu, au pale anayefuata anapougusa mnara, lolote litakalotangulia. Mnara ukianguka sekunde ya saba, ni wa aliyeweka. Ukigusa upesi kwa pupa, umejibebesha mwenyewe. Kibarazani kwangu tunahesabu kwa sauti, wote pamoja, na tangu tuanze kuhesabu kwa sauti kesi zimepungua kuliko zilivyopungua kwa hotuba zangu zote.

"Kimedondoka kibao kimoja tu, mnara umesimama." Kikiwa si kile anachokitoa, amefungwa. Mshindi ni wa mwisho kuweka kibao salama kabla ya anguko.

"Yakhe, upepo huo!" Upepo hauna kanuni ya kimataifa. Tunakubaliana kabla: mlango umefungwa, pangaboi limezimwa, lolote litakalotokea baada ya hapo ni la mwenye zamu. Wazee wawili waliwahi kununiana siku nne kwa mlango uliofunguliwa na mbuzi. Nilitoa hukumu warudie mchezo. Hakuna aliyeikubali.

Kwa minara mikubwa inayochezewa harusini na mahotelini, ile ya vipande vya mbao vya kujengea, kanuni ni hizo lakini tahadhari si hizo. Watoto wadogo wakae mbali kuliko urefu wa mnara, wachezaji wavae viatu, na mtu akiangukiwa kichwani kisha akatapika, akaona kizunguzungu au akawa anasinzia ovyo, apelekwe hospitali hapohapo.

Vibao havitimii 54

Angalia chini ya kabati, chini ya mkeka, na mfukoni mwa mtoto wa miaka mitatu. Kisha jikoni: mara mbili nimekikuta kibao kimezuia mlango wa jikoni usijifunge, na mara moja kilikuwa chini ya mguu wa meza ileile tuliyokuwa tukichezea, kimewekwa na mtu mwema aliyeona meza inayumba.

Vikikosekana vitatu, jenga kozi 17, mchezo hauharibiki. Kikikosekana kimoja au viwili, usijenge kozi pungufu chini; vinavyobaki viweke pembeni viwe akiba. Ukiagizia vya badala, mpelekee seremala vibao vitatu vya kwako kama mfano, si kimoja, ili aone tofauti zilizopo na asikuletee pacha watatu. Na uvihesabu vyote kabla ya kufunga kopo, wageni wakiwa bado hawajaondoka.